Kigoma: Mwisho wa Reli, Kila Samaki na Mtaa Wake

Mtajie Mtanzania yeyote Kigoma, atakujibu kwa chakula. Atataja dagaa, atataja migebuka, atataja mawese. Akiwa mpenzi wa muziki atakuhesabia wasanii wenye asili ya huko, na akiwa msomi kidogo atakumbuka kuwa pale Ujiji, mwaka 1871, ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Mji wenyewe wanauita "mwisho wa reli", na si utani. Reli ya kati waliyoijenga Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, ikakuta maji mbele yake, ikakoma.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui. Ingia kwenye duka la samaki wa mapambo kule Ujerumani au Marekani, unaweza kukuta tangi la kioo limebandikwa kikaratasi kilichoandikwa "Frontosa Kigoma". Ni samaki mwenye nundu kwenye paji la uso, mwendo wa kujisikia kama mzee wa baraza, na mistari saba myeusi mwilini. Wengi wa ndugu zake kutoka sehemu nyingine za ziwa wana mistari sita. Yaani mstari mmoja tu wa ziada, na jina la mji wetu limezunguka dunia bila hati ya kusafiria!

Mimi nilikwenda Kigoma kikazi, lakini mfukoni nilikuwa na swali la mdogo wangu.

Mdogo wangu na mkewe wana miaka miwili kwenye ndoa, vyumba viwili vya kupanga Sinza, na tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Kwa hesabu ya darasani hizo ni lita 54, na ukishaweka mchanga na mawe hazifiki hata hizo. Humo ndani waliingizwa samaki tisa siku moja: samaki wa dhahabu watatu, samaki malaika wawili wenye mapezi marefu, mbuna watatu wa njano na bluu, na Oscar mmoja mdogo mwenye macho ya kuongea. Muuzaji aliwapa maneno matamu. "Hawa wote wapole, bosi. Wanakaa pamoja bila noma."

Wiki ya sita walikuwa wamebaki wawili.

Hela yenyewe ilikuwa ya friji. Sasa unaweza kuelewa kwa nini nyumba ile iliingia moto. Kaka mtu anamlaumu mkewe kwamba anamwaga chakula kama analisha kuku. Mke anasema mume ndiye aliyenunua samaki kama ananunua nyanya, fungu zima bila kuchagua. Wifi yangu alinipigia simu usiku: "Wifi, mimi sikuolewa nije kuzika samaki kila asubuhi. Mwambie mdogo wako, akifa mmoja tu tena, hilo tangi linakuwa la maua." Na mdogo wangu naye, siku ya kunisindikiza, akaninong'oneza: "Dada, ukifika Kigoma niulizie wenyeji. Nani anakaa na nani?"

Ukoo mmoja, tabia mia mbili

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu jina. Wataalamu huwaita siklidi. Wewe unawajua jikoni: sato ni siklidi, perege ni siklidi, furu wa Ziwa Victoria ni siklidi. Oscar pia ni wa ukoo huo, na samaki malaika, ila hao kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye mito ya Amazon. Mbuna kwao ni Ziwa Nyasa. Kwa hiyo tangi la mdogo wangu, ukiacha wale wa dhahabu ambao kwa asili ni wa maji ya ubaridi, lilikuwa mkutano wa ukoo. Na wewe unajua mikutano ya ukoo inavyoisha.

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za siklidi, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani. Limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Lakini usidanganyike na ukubwa huo. Hewa ya oksijeni inapatikana kwenye mita 100 hadi 200 za juu tu. Kule chini kuna giza na maji yasiyofaa kwa samaki. Na siklidi wengi hawapendi hata hizo mita zote. Wanabanana ufukweni, kwenye mawe na mchanga, kama sisi tunavyobanana Kariakoo wakati nchi ni kubwa.

Ndiyo maana nasema Kigoma ni mahali pazuri pa kuuliza swali la kuishi pamoja. Hawa wamebanana miaka mamilioni na bado wapo.

Mitaa mitatu chini ya maji

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mwenye mtumbwi, mkazi wa Katonga, aliyevua tangu utoto wake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida ya mdogo wangu. Alicheka mpaka akaweka kasia chini.

"Mwanangu, hawa wadogo wa kwenye mawe sisi hatuna habari nao. Samaki ni kuhe." Kuhe, kama hujamwona sokoni, ni kati ya siklidi wakubwa kabisa duniani, anaweza kufika karibu sentimita 80. Huyo hawekwi kwenye kioo sebuleni, anawekwa kwenye sufuria yenye mawese.

Lakini alinipeleka. Kusini-magharibi mwa mji kuna fukwe ndogo zenye mchanga mweupe na mawe makubwa, na maji yake ni maangavu hasa. Unavaa miwani ya kuogelea, unainamisha uso, na mtaa mzima uko mbele yako.

Mtaa wa kwanza ni mawe. Pale mawimbi yanapogonga jiwe kuna samaki wafupi wenye mdomo kama wa mbuzi, wanaruka-ruka badala ya kuogelea. Wanaitwa Eretmodus. Wanaishi wawili wawili, mume na mke, na mayai wanayatunza mdomoni kwa zamu: mama anaanza, kisha anamkabidhi baba amalizie. Wababa wa nchi kavu mmesikia? Chini kidogo kuna Tropheus, kundi zima linakwangua majani laini ya kijani yanayoota juu ya jiwe. Ndani ya nyufa kuna Julidochromis, mwembamba kama penseli, mwenye mistari. Huyo ufa wake ndio dunia yake. Anaweza kuogelea tumbo likiangalia juu, mradi tumbo liguse jiwe.

Mtaa wa pili ni mchanga. Ufukweni utaokota magamba ya konokono yaliyo matupu. Huko chini kuna sehemu ambazo magamba hayo yamerundikana kama makaburi, na humo ndani wanaishi samaki wa kuchekesha kuliko wote. Mmoja anaitwa Neolamprologus multifasciatus. Wafugaji wamemfupisha wanamwita "multi". Ni kati ya siklidi wadogo kabisa duniani, dume hazidi sana sentimita 4 au 5. Kila mmoja ana gamba lake. Humo analala, humo anazaa, humo anakimbilia hatari ikija. Ana binamu yake, Lamprologus callipterus, ambaye dume lina uzito unaozidi mara kumi ule wa jike. Dume hilo hubeba magamba kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, halafu majike wanakuja kupanga. Mwenye nyumba nyingi, wake wengi… mambo hayo hayakuanza leo.

Mtaa wa tatu ni maji ya wazi, juu ya mawe. Hapo wanapita Cyprichromis, kundi kubwa linalogeuka kwa pamoja kama kwaya, wakila vijidudu vinavyoelea. Hawana nyumba na hawataki nyumba.

Nilipotoka majini nilimuuliza mzee lile swali: nani anakaa na nani? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Huko chini hakuna nafasi ya bure, mwanangu. Ukiona samaki kakaa hapo, ujue kuna mwingine kakatazwa. Usiulize nani anakaa na nani. Uliza nani anakaa wapi."

Hapo ndipo nilipopata jibu la safari yangu. Sisi tunapochagua samaki tunauliza nani mpole na nani mkali, kana kwamba upole ni rangi ya ngozi. Kumbe samaki huyo huyo ni mpole akiwa na mahali pake na mkali akikosa. Wakati wa kuzaa ndiyo usiseme. Wawili waliokuwa wakilala kona moja wanageuka walinzi, na kona mbili zilizobaki zinakuwa mali yao pia.

Majirani wasiofaa nao wapo

Sitaki nikupambie. Ziwa si peponi.

Yupo siklidi anayeishi kwa kunyofoa magamba ya ngozi ya wenzake. Anaitwa Perissodus. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia kwa upande unaomfaa. Mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 kwamba pande hizo mbili zinapokezana kuwa wengi, kwa sababu wanaowindwa huzoea kujilinda upande ule unaowasumbua zaidi. Umbea wa kisayansi huo!

Yupo kambale mdogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus. Huyu ni tapeli wa mapenzi. Siklidi wanaotunza mayai mdomoni wanapotaga, yeye anajipenyeza na kuchanganya mayai yake. Mama anaokota yote kwa haraka, hajui kabeba nini. Watoto wa kambale wanatotolewa mapema, na humo humo mdomoni mwa mama wa kambo wanawala watoto wake. Madukani anauzwa kama msafishaji wa tangi, mpole, mzuri. Mpole kweli, hagombani na mtu.

Na yule Frontosa wa Kigoma wa mistari saba, aliyefanya jina letu liandikwe Ulaya, mchana ni mtulivu. Gizani anafuata Cyprichromis waliolala na kuwameza. Akikomaa anapita sentimita 30. Watu wanamnunua akiwa na urefu wa kidole.

Sasa turudi kwenye lita 54

Msomaji wangu, kama una tangi la kioo au unafikiria kununua, haya ndiyo niliyorudi nayo. Yapime kwa nafasi uliyo nayo, si kwa nafasi unayoitamani.

*Angalia samaki atakavyokuwa mtu mzima.* Dukani wote ni vidole. Oscar atafika sentimita 30 na zaidi. Kwenye tangi lenye upana wa sentimita 30 hataweza hata kugeuka. Huyo si wa kuchaguliwa mwenzake, ni wa kutafutiwa makazi mengine.

*Usichanganye maziwa na mito.* Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH inayokaribia 9. Samaki malaika asili yake ni maji laini, yanayoelekea kwenye uchachu. Ukimridhisha mmoja unamtesa mwingine. Mbuna wa Nyasa wanaweza kuvumilia maji yanayofanana na ya Tanganyika, lakini ni wakorofi, wanakula kwa fujo, na wanahitaji tangi refu lenye kundi lao. Ukiwatia na wale wadogo wa magamba umewaonea wadogo.

*Walio kwenye tangi moja wale sahani moja.* Tropheus ni mla majani, utumbo wake ni mrefu. Ukimpa vyakula vya nyama wanavyopenda majirani, tumbo linavimba na anakufa, na mmoja akianza wengine hufuata. Zaidi ya hapo anataka kundi kubwa na nafasi kubwa. Mzuri, lakini si wa Sinza vyumba viwili.

*Lita 54: chagua ukoo mmoja tu.* Hapa wengi wanakunja uso, lakini ndiyo siri yenyewe. Weka multi sita, mchanga laini wa kina cha sentimita 5, na magamba ya konokono yasiyopungua mawili kwa kila samaki. Usiongeze mtu wa pili wa chini, hata kambale wa kusafisha. Watachimba, watahamisha mchanga kwa midomo, watagombania mipaka kwa sentimita tatu, watazaa. Samaki wadogo kuliko wote wanafanya tangi dogo lionekane ziwa.

*Sentimita 100, lita 150 na kuendelea: mitaa miwili.* Upande mmoja mchanga na magamba, kwa ajili ya multi. Upande wa pili rundo la mawe yenye nyufa, kwa ajili ya Julidochromis wawili waliochaguana wenyewe. Katikati acha uwanja mtupu. Uwanja huo si ubadhirifu, ni mpaka. Njia nzuri ya kupata wawili waliopendana ni kununua wadogo watano au sita, kuwaacha wachaguane, kisha kuwaondoa waliobaki. Kuwaozesha kwa nguvu wawili wakubwa usiowajua mara nyingi huishia mmoja kujificha nyuma ya pampu, mapezi yamechanika.

*Sentimita 120 na kuendelea: ongeza ghorofa ya juu.* Hapo ndipo kundi la Cyprichromis linaweza kuingia, maana wanatumia maji ambayo wa mawe na wa mchanga hawayadai. Funika tangi, hao wanaruka.

Kuna mmoja nataka nikuonye naye kwa upendo: Neolamprologus brichardi, mwenye mkia kama zeze na mapezi yenye ncha nyeupe. Huyu ana familia ya kupigiwa mfano. Watoto wakubwa hawaondoki nyumbani, wanabaki kuwalinda na kuwatunza wadogo zao. Inapendeza kuangalia. Ila kwenye tangi dogo ukoo huo unakua, unashikamana, na kila asiye wa damu yao anasukumwa pembeni mpaka afe. Weka peke yao au usiweke kabisa. Umoja wa familia, ukikosa nafasi, humgeukia mgeni.

Maji kwanza, samaki baadaye

Mdogo wangu na mkewe walilaumiana kuhusu chakula, na nilipomsimulia fundi mmoja mzoefu wa matangi aliniambia wote wawili walikuwa wanaona nusu ya tatizo. Samaki tisa waliingia siku moja kwenye maji mapya. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza sumu hiyo kuwa kitu cha madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya filta. Na kwenye maji ya pH ya juu kama haya, amonia hiyo hiyo huuma zaidi. Kwa hiyo lile tangi lingeua hata kama wote wangekuwa mapacha wanaopendana.

Basi, washa filta, tia punje chache za chakula zioze zitoe amonia ya kuwalisha bakteria, acha tangi lifanye kazi mwezi mmoja hadi mwezi na nusu ukiwa unapima maji kwa vipimo vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki. Ingiza samaki amonia na nitriti zikishafika sifuri. Kila wiki badilisha kama robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yape dawa ya kuiondoa kwanza. Wapi utapata maji magumu? Kuna mitaa ambayo maji ya kisima huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni chokaa, na chokaa ndiyo wanayoipenda samaki wa Tanganyika, mradi maji yenyewe yasiwe na chumvi ya bahari. Pima, usikisie. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Kwa Dar kazi yako itakuwa kupoza kuliko kupasha, hivyo weka tangi mbali na dirisha la jua. Chakula kiwe kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Oscar aliaga

Nilipompelekea mdogo wangu majibu, hakuuliza kuhusu pH wala magamba. Aliuliza: "Kwa hiyo Oscar aende?"

Nilimwelewa. Oscar alikuwa amemzoea. Akirudi kazini, samaki yule anakuja kwenye kioo, anatikisa mkia kama mbwa, anakula mkononi. Katika nyumba ambayo kwa wiki sita watu wawili walikuwa wanasemeshana kwa mkato, yule alikuwa kiumbe pekee aliyekuwa anampokea mlangoni. Hilo ndilo lililokuwa zito, na wifi yangu aliliona kabla yangu. Nilitegemea atasema afadhali. Akasema, "Mume wangu, humpendi huyo kama humpi pa kugeukia."

Ilichukua wiki mbili. Oscar alikwenda kwa jamaa mwenye tangi la lita 500, na yule mbuna aliyebaki alikwenda kwa mwingine mwenye kundi la mbuna. Tangi likakaa na maji tu, filta inanguruma, mwezi mzima. Wifi ndiye aliyekuwa anapima amonia na kuandika kwenye daftari la matumizi. Baadaye wakapata multi sita kutoka kwa mtu anayezalisha nyumbani kwake. Magamba walichemsha wenyewe, ya konokono wa kawaida. Friji bado haijanunuliwa. Lakini asubuhi hakuna anayezika mtu, na juzi wameniambia kuna vitoto kama nukta vinachungulia kwenye mlango wa gamba.

Kama unafunga safari

Kigoma inafikika kwa ndege, kwa basi, na kwa reli ile ya zamani, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Ukifika, panga siku tatu. Siku ya kwanza nenda Ujiji, ukaone kumbukumbu ya Livingstone na mitumbwi inavyotengenezwa. Siku ya pili panda boti kutoka Kibirizi mpaka Gombe, walikoishi sokwe aliowafanya maarufu Jane Goodall, aliyefika hapo mwaka 1960 na kufariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91. Siku ya tatu weka miwani, ingia majini ukatazame samaki. Kabla ya kuingia uliza wenyeji kuhusu mamba na kuhusu kichocho, maana si kila ufukwe ni salama. Jioni agiza migebuka au kuhe na ugali, mawese yasikosekane.

Kuchota samaki mwenyewe na kuwatia kwenye ndoo, hapana. Uvuvi na usafirishaji wa samaki wa mapambo una vibali vyake, na hifadhi ya Mahale inajumuisha hata ukanda wa maji ya ziwa. Tafuta waliozalishwa kwenye matangi. Ni wagumu zaidi kwa maisha ya kioo na ziwa linabaki na wake. Na ukiwachoka, usiwamwage mtoni wala bwawani kwa huruma. Ziwa Victoria liliwekewa sangara kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Aliyeleta mgeni yule naye alidhani maji ni maji tu.

Ukisimama ufukweni Kigoma jioni, taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuwaka kule mbali, utaona milima ya Kongo ng'ambo na maji yamelala kama shuka. Panaonekana patupu. Chini yake kila jiwe lina mwenyewe, kila gamba lina mwenyewe, na kati ya nyumba na nyumba kuna hatua chache za mchanga ambazo hakuna anayezivuka bila sababu. Kabla hujamkaribisha mwingine nyumbani kwako, awe samaki au mtu, hesabu kwanza hizo hatua.